Wasichana na wanawake katika mbio za pikipiki Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku za mashindano mimi hukaa asubuhi kwenye meza ya kuandikisha waendeshaji, kisha nashika bendera kwenye kona mpaka jioni. Maswali haya nimeulizwa kwenye viwanja vya mbio vya Busiika na Garuga, kwenye steji za boda Bombo na kwa simu usiku. Wengi wanaouliza ni wazazi wa kambi za jeshi, Wanubi wa Bombo na wafanyabiashara wa Busia na Malaba, watu wanaopenda kuelezwa mambo kwa Kiswahili. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu uso kwa uso.

Je, msichana anaruhusiwa kushindana na wavulana?

Ndiyo. Motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye miruko, huwagawa watu kwa ukubwa wa injini na kwa umri. Wadogo kabisa wako kwenye 50cc, wakikua wanahamia 65, halafu 85, halafu 125 na zile kubwa. Kwenye makundi ya watoto, binti na mvulana hujipanga kwenye geti moja la kuanzia, geti linaangushwa kwa wote mara moja, na anayewahi kona ya kwanza ndiye aliyewahi. Katiba yetu ya mwaka 1995, Ibara ya 33, inampa mwanamke heshima kamili iliyo sawa na ya mwanamume, na michezo haikutengwa humo. Anachohitaji ni leseni ya mbio kupitia klabu iliyo chini ya FMU, shirikisho linalosimamia michezo ya magari na pikipiki nchini. Kwa mtoto, mzazi anatia saini.

Anayeona ni jambo geni namkumbusha Susan Muwonge. Mwaka 2011 alitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Uganda, na hakuupata kwenye kundi la akina mama. Aliupata mbele ya wanaume waliokuwa na magari, mafundi na uzoefu. Magari si pikipiki, lakini shirikisho ni lile lile, na watazamaji wanaojaa pembeni ni wale wale.

Kama mlango uko wazi, mbona wako wachache?

Kwa sababu mashindano huanza mbali sana na uwanja. Mvulana wa mtaani akifikisha miaka kumi na mitatu huwa ameshaambiwa aisogeze boda ya mjomba kutoka juani. Mwezi ujao anaizungusha uani, baadaye anatumwa nayo dukani, ingawa sheria haimruhusu barabarani na mimi simshauri mtu ampe mtoto boda. Hakuna anayeyaita hayo mazoezi, ila ndiyo mazoezi yenyewe. Ameshajua klachi inashika wapi. Ameshajua injini inavyolia kabla ya kuzima. Ameanguka, akainuka, na hakuna aliyelipa ada.

Dada yake amepanda pikipiki pengine mara nyingi kuliko yeye, lakini nyuma ya dereva, tena kwa upande, miguu yote miwili imening'inia kushoto na mkono mmoja umebana sketi. Mama akivaa gomesi ndiyo kabisa, hawezi kukaa vingine. Binti huyo anazijua njia zote za kwenda sokoni na shuleni, na hajawahi kugusa usukani.

Halafu kuna wikendi. Mazoezi huwa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo msichana anafua sare, anachota maji na kukaa na wadogo zake. Kaka anaondoka saa mbili asubuhi na helmeti begani, na hakuna anayemuuliza atarudi lini.

Na kuna pikipiki moja kwa watoto wawili. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Nimeona nyumba ambayo binti alikuwa na kasi kuliko kaka yake kwenye 65, na wote tulikuwa tunaliona, hata baba yao. Ilipopatikana ya 85, akapewa kaka. Binti aliendelea na ya 65 hadi magoti yakawa yanagonga usukani, kisha akaacha. Baba hakuwa na nia mbaya. Alisema tu kwamba mvulana ndiye atakayefika mbali nayo, na kwa kuwa ndiye aliyepewa, ndiye aliyefika.

Ukitaka kujua wasichana wanapotelea wapi, tazama pale: kati ya 85 na 125, miaka kumi na miwili hadi kumi na tano. Ni umri ambao mwili unabadilika, shule inabana, na majirani wanaanza kuwaambia wazazi kwamba binti huyu sasa amekua. Kwa hiyo mtu akinizungumzia usawa, mimi humuuliza kwanza: wiki hii binti yako amezunguka uwanja mara ngapi? Na kaka yake je? Majibu ya maswali hayo mawili yananiambia mengi kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Nguvu je? Mwanamke ataiweza pikipiki kubwa?

Nguvu zina kazi yake, na sitamdanganya mtu. Pikipiki ya 125 ya motokrosi ina karibu kilo 90, ya 450 inapita kilo 100, na ukianguka kwenye tope la Aprili lazima uiinue mwenyewe huku wengine wakipita. Kwenye madaraja makubwa ya motokrosi mwanamume aliyefanya mazoezi sawa na mwanamke ana faida ya mabega na mikono. Hii ni sababu ya haki kabisa ya kuwepo kundi la wanawake.

Lakini watu wengi wanaoniuliza hawazungumzii ubingwa wa dunia. Wanazungumzia mtoto wa miaka minane kwenye 65, na katika umri huo tofauti ya nguvu kati ya binti na mvulana ni ndogo sana. Isitoshe, pikipiki haiendeshwi kwa kuikaba. Anayening'inia kwenye usukani ndiye anayechoka. Baada ya mizunguko mitatu mikono inakaza, vidole havifungi, breki inachelewa. Aliyefundishwa vizuri anasimama juu ya vyuma vya kukanyagia, anaibana pikipiki kwa magoti, viwiko juu, macho yako kona inayofuata, na usukani anaushika tu kuuelekeza. Mabinti wengi hulishika hili mapema, kwa sababu tangu mwanzo hawakutegemea mikono.

Kwenye mbio za lami mambo ni tofauti tena. Huko wepesi wa mwili ni faida, hadi wenye kanuni wakaweka uzito wa chini: kwenye Moto3, daraja la pikipiki ndogo katika mbio za dunia za lami, pikipiki na mwendeshaji pamoja hawaruhusiwi kupungua kilo 152. Mwaka 2018 Ana Carrasco wa Hispania alikuwa bingwa wa dunia wa Supersport 300, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za lami za pikipiki akiwa mwendeshaji peke yake, katika kundi lililojaa wanaume. Aliwapita kwa pointi moja. Mwaka 2020 aliumia uti wa mgongo mazoezini, na mwaka uliofuata akashinda tena mbio. Na katika Dakar ya 2015, mbio ndefu za jangwani, kule nguvu, uvumilivu na usomaji wa njia vinapokutana jangwani kwa wiki mbili, Mhispania mwenzake Laia Sanz alimaliza wa tisa kati ya pikipiki zote. Kwa pikipiki, mwanamke mwingine hajaipita nafasi hiyo hadi leo.

Kuweka kundi la wanawake peke yao, huo si ubaguzi?

Swali hili huulizwa zaidi na wanaume, na wakati mwingine na wasichana wenye kasi, ambao wanaogopa kuonekana wamepewa kombe rahisi.

Duniani yapo yote mawili. Motokrosi ya wanawake ilianza kama Kombe la Dunia mwaka 2005 na kupandishwa kuwa ubingwa wa dunia mwaka 2008, Livia Lancelot wa Ufaransa akiwa bingwa wa kwanza. Kiara Fontanesi wa Italia ameutwaa mara sita, Courtney Duncan wa Nyuzilandi mara nne. Kwenye lami, FIM, shirikisho la dunia, lilianzisha ubingwa wa wanawake mwaka 2024, wote wakipanda pikipiki za aina moja, Yamaha R7 ya 689cc, ili tajiri asimshinde maskini kwa injini. Carrasco yule yule aliyewashinda wanaume ndiye alikuwa bingwa wa kwanza, na mwaka uliofuata akawa María Herrera, naye wa Hispania. Hapa Afrika, mashindano ya mataifa ya motokrosi yana kundi la wanawake, na pointi zao zinaingia kwenye hesabu ya nchi.

Maoni yangu ni haya. Kundi la wanawake ni jema pale linapomwongezea binti mbio: anaingia kundi lake, na siku hiyo hiyo anaingia 85 au 125 pamoja na wavulana. Ni baya pale linapotumika kumwondoa. Nimewahi kusikia mzazi wa mvulana akiomba binti fulani "apelekwe kwa wenzake wanawake" baada ya mwanawe kupitwa naye raundi mbili mfululizo. Ombi la namna hiyo likataliwe pale pale, mbele ya watu. Vilevile kundi la wanawake wanne waliokusanywa kwa haraka mwisho wa siku, kwa mizunguko mitatu ili picha ipatikane, halimsaidii yeyote kati yao. Wapewe muda kamili wa mazoezi na idadi ile ile ya mizunguko, hata wakiwa wanne.

Ni kweli kwamba wanawake waliwahi kupigwa marufuku?

Ni kweli, na si zamani sana. Mwaka 1962 Mwingereza Beryl Swain alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha peke yake kwenye TT, mbio za barabarani za kisiwa cha Isle of Man, kwenye 50cc. Kabla yake mwanamke aliwahi kushiriki akiwa abiria wa pikipiki ya kigari cha pembeni tu. Swain alimaliza mbio zake salama. Muda mfupi baadaye ikawekwa kanuni ya uzito wa chini wa mwendeshaji, naye kwa kuwa alikuwa mwepesi akapoteza leseni ya kimataifa. Wanawake walirudi kuendesha peke yao pale mwaka 1978.

Ninaisimulia kwa sababu kanuni ile haikumtaja mwanamke hata kwa neno moja. Ilitaja kilo tu. Ndiyo maana nawaomba wanawake waende kwenye mikutano ya vilabu inapopangwa kalenda na kanuni za mwaka, hata kama kikao kinachosha. Mambo kama uzito, umri wa kupanda daraja na idadi ya chini ya washiriki ili kundi lifunguliwe, hayo ndiyo yanayoamua nani atakuwa kwenye geti mwezi wa nane. FIM yenyewe ina kamisheni ya wanawake tangu 2006.

Afrika kuna wanawake waliofika mbali?

Wapo. Mwaka 2020 Kirsten Landman na Taye Perry, wote wa Afrika Kusini, walimaliza Dakar kwa pikipiki kule Saudia, safari ya zaidi ya kilomita 7,000. Ndio Waafrika wanawake wa kwanza kuimaliza kwa pikipiki, na wamefika wawili mwaka mmoja. Binti yako akiambiwa jangwa si la Mwafrika, amtajie msemaji majina hayo.

Binti yangu anavaa hijabu. Inawezekana?

Inawezekana, na Bombo swali hili ndilo la kwanza. Mavazi ya motokrosi yanafunika mwili mzima: suruali ndefu, jezi ya mikono mirefu, glavu, mabuti hadi chini ya goti. Juu yake anaweza kuvaa jezi pana na ndefu kidogo, mradi isifike kwenye cheni wala gurudumu la nyuma. Kichwani avae kofia nyembamba ya kitambaa inayobana kichwa na shingo, ile inayoacha uso tu, halafu helmeti juu. Pini zote zitolewe, hata moja ndogo. Ncha za kitambaa zisining'inie; ziingie ndani ya jezi.

Nywele ni shughuli kubwa kuliko hijabu, na hili linawahusu wote. Msichana akija na rasta nene zilizofungwa fundo utosini, helmeti inakaa juu kama imewekwa kwenye rafu. Mezani nina kawaida ya kumwambia mtoto aivae, afunge mkanda, kisha naishika kwa kidevu na kuitikisa taratibu. Ngozi ya mashavu ikienda nayo, imekaa. Helmeti ikienda peke yake na uso ukabaki, harudi kwenye geti mpaka tupate suluhisho. Siku moja mama mmoja alikaa chini kwenye nyasi akazifumua rasta za binti yake moja moja huku kundi la 65 likiitwa, mikono inakwenda mbio, mtoto machozi yanamtoka kwa hofu ya kuachwa. Tuliwasubirisha wengine dakika chache. Tangu hapo binti yule huja amesukwa twende kilioni, zimelala bapa kichwani, na ncha zimeingizwa ndani ya kola. Msusi yeyote anaijua.

Helmeti inunuliwe baada ya kusuka, kwa mtindo ule ule atakaoshindana nao. Tafuta ndani yake lebo ya kiwango cha ECE 22.06, na usinunue iliyotumika kama hujui iliwahi kugonga nini.

Pikipiki itamharibia uzazi?

Hapana. Kuendesha pikipiki hakumharibu binti tumbo la uzazi wala hakumfanyi tasa. Linaloogopwa ni kuanguka, na kuanguka huumiza mikono na mabega ya mvulana na msichana sawasawa. Akiwa kwenye siku zake, anaweza kuendesha kama anajisikia vizuri. Uwanja uwe na choo chenye mlango unaofungika na maji. Mwenye mimba asishindane, na aongee na daktari hata kuhusu safari za kawaida za boda.

Wazazi wengine wanauliza kuhusu ubikira, kwa sauti ya chini. Ninajibu kwa sauti ya kawaida: ubikira wa mtu hauchukuliwi na kiti cha pikipiki, kama ambavyo hauchukuliwi na baiskeli ya kwendea shule.

Ni hatari kiasi gani?

Ni hatari. Mtulinga huvunjika, kifundo cha mkono huvunjika, na kichwa kikipigwa, mtoto anaweza kuinuka akionekana mzima kumbe ubongo umetikisika. Aliyegonga kichwa haendelei siku ile, hata akilia, hata akiwa anaongoza pointi. Mzazi anayetaka kubishana kuhusu hilo asilete mtoto.

Hata hivyo usipime kwa yale unayoyaona barabarani. Wodi za mifupa za hospitali ya Mulago zinaijua pikipiki kwa njia ya boda: watu watatu kwenye kiti, kandambili miguuni, lori linakuja mbele. Uwanjani wote wanakwenda upande mmoja, kila mtu amevaa helmeti, miwani, kinga ya kifua, ya magoti na mabuti, gari la wagonjwa limesimama tayari na mwenye makosa anasimamishwa. Kila kona ina mtu mwenye bendera. Ya njano ikipepea, kuna aliyeanguka mbele: punguza, usiruke, usipite mtu. Mfundishe binti bendera nyumbani kabla ya kumfundisha kuruka.

Aanze na umri gani, na itagharimu nini?

Wapo wanaoanza na miaka minne au mitano kwenye 50cc isiyo na gia. Akianza na kumi na miwili hajachelewa. Ajue baiskeli kwanza.

Gharama ni kubwa, na sitaificha. Pikipiki mpya ya 65cc ya mashindano, kama KTM 65 SX, huko Marekani pekee inapita dola 5,000, kabla ya meli na ushuru. Kwa hiyo wengi hapa hununua iliyotumika kutoka kwa familia ambayo mtoto wake amekua. Hii ndiyo nafasi ya binti, kwa sababu pikipiki za watoto zinabaki ndogo wakati wenyewe wanarefuka, na kila mwaka kuna za kuuzwa. Uliza kwenye klabu kabla hujauliza dukani. Ukiikagua, fungua filta ya hewa kwanza. Ukiikuta nyekundu kwa vumbi la murram na mafuta yamekauka, jua ndani ya injini nako hali ni hiyo. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia, angalia spoki zilizolegea, angalia meno ya cheni.

Baada ya hapo ni petroli na oili ya kuchanganya, plagi, tairi, ada ya kila raundi, na usafiri. Ndugu wawili wanaweza kugawana mabuti na kinga. Helmeti wasigawane.

Na kama mko na pikipiki moja nyumbani, gawaneni muda kwa saa, si kwa huruma. Dakika ishirini huyu, dakika ishirini yule, mama akishika simu kuhesabu. Familia zinazofanya hivi ninazijua kwa kuwatazama watoto wao tu wakikata kona.

Mambo gani madogo uwanjani yanawafukuza wasichana?

Nashukuru mtu anapouliza hili, kwa kuwa ndilo linaloweza kurekebishwa kabla ya Jumapili ijayo.

Kwanza mahali pa kubadilisha nguo. Wavulana huvua jezi nyuma ya pikapu bila shida. Binti wa miaka kumi na minne anashikiliwa shuka na mama yake, upepo unapuliza, watu wanapita. Hema moja dogo lenye zipu linamaliza tatizo.

Pili, kipaza sauti. Mvulana anaitwa kwa jina lake na namba yake. Msichana anaitwa "binti wa fulani", au "mrembo wetu". Ameamka alfajiri, amefunga mabuti, ameshika nafasi ya tatu kati ya kumi na wawili. Ana jina, litajwe pamoja na namba na nafasi.

Tatu, zawadi. Mashindano fulani niliyofanyia kazi, kombe la wanawake lilitolewa mwisho kabisa, giza limeingia, watazamaji wameondoka na mpiga picha ameshapakia vyombo. Bingwa alipokea akiwa na watu wa nyumbani kwake tu. Wadhamini hufuata picha. Kama hakuna picha, mwaka unaofuata hakuna mdhamini, na kisha watu husema wanawake hawavutii wadhamini. Toeni zawadi za makundi kwa mpangilio uliotangazwa asubuhi, na mpangilio huo uzungushwe kila raundi.

Duniani nako pesa bado ni kizingiti. Mbio zile za wanawake za R7 zilipoanza 2024, ada ya kuingia ilikuwa euro 25,000 kwa mwendeshaji, na kila mmoja ilimbidi aitafute.

Nitamlindaje binti na makocha au mafundi wenye tabia mbaya?

Kwa kanuni rahisi zinazojulikana na wote. Mtoto haachwi na mtu mzima mmoja ndani ya gereji, ndani ya gari wala ndani ya hema. Kocha akitaka kumrekebisha mkao, anasema kwanza anachotaka kufanya, na anafanya mbele ya watu. Ujumbe wa simu unapita kwa mzazi. Safari za nje ya mji, mama au shangazi anakwenda, na klabu ijue hivyo tangu mwanzo wa bajeti.

Likitokea jambo, usiishie kwa mwenyekiti wa klabu. Piga Sauti 116, simu ya bure ya watoto, au nenda kituo cha polisi uulize dawati la ulinzi wa mtoto na familia. Kocha hodari wa kupata makombe hana kinga mbele ya hili.

Mimi ni dada mwenye boda, nina miaka ishirini na nane. Nimechelewa?

Kwa ubingwa wa dunia, pengine. Kwa mbio zenyewe, hapana. Dada anayepita Kampala saa kumi na mbili jioni akiwa na abiria na mzigo ana macho na breki ambazo watoto wengi wa viwanjani hawana. Atakachojifunza upya ni kusimama, kuruka, na kuachia pikipiki iteleze kwenye udongo bila kuogopa. Bajaj Boxer yako usiilete kwenye miruko: ni ya kubeba watu, springi zake hazikutengenezwa kwa kutua kutoka juu, na ikivunjika umekosa chakula cha wiki. Omba kuazima ya mazoezi ya klabu, anza na uwanja mtupu, ujue njia, halafu ndiyo uombe leseni. Kibali cha barabarani hakihesabiki kama leseni ya mbio.

Sitaki kuendesha. Kuna kazi nyingine?

Zipo nyingi, na tuna upungufu wa watu. Kuhesabu mizunguko na kusimamia mitambo ya kupima muda kunahitaji mtu mtulivu asiyebabaishwa na baba anayepiga kelele. Ukaguzi wa pikipiki asubuhi unahitaji jicho la fundi, na wapo wasichana waliosomea ufundi wa magari ambao hakuna aliyewahi kuwaita. Wauguzi wanahitajika kila raundi.

Bendera ni rahisi kuanza nazo. Njoo siku ya mazoezi, si siku ya mashindano, tukuonyeshe kona moja. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kofia pana na nguo isiyo ya njano wala nyekundu, ili mwendeshaji asiidhanie bendera. Beba maji yako na kitu cha kula, kwa kuwa ukishasimama kwenye kona huondoki mpaka mtu aje kukupokea. Simu inabaki mfukoni.